Mwalimu Anayechora

Swali la iwapo sanaa inafundishika hubadilika mwalimu mwenyewe anapokuwa msanii. Mfano ni Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea Makerere, aliyechora maisha ya Kristo kwenye kuta za kanisa la Murang'a, katika mandhari ya Kikuyu. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Kwake, kuiga si kuumba. Darasani msimamo huo ni mgumu, maana kila mwanafunzi huanza kwa kumtazama mtu. Hata mchongaji wa Kimakonde hujifunza kando ya mzee wake, mpingo ukiwa mkononi. Tofauti iko katika kinachotazamwa. Anayefundisha kwa kitabu huonyesha picha iliyokwisha; anayechora huonyesha pia anavyosita, anavyofuta na kuanza upya.