Frumentius wa Aksum na Barua ya Kaisari

Dominika moja, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa Kirumba ambaye kazi yake ni kutengeneza nyavu zilizochanika alitungoja mlangoni pa sakristia. Hakuja kuomba cheti wala kutoa nia ya Misa. "Baba," alisema, "kila Dominika twakiri ya kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Mimi nakiri pamoja na wenzangu. Lakini kama angekuwa mkubwa tu kuliko malaika wote, naye akatufia vile vile, mimi hapa Kirumba ningepungukiwa na nini?"

Jibu la kwanza lililotujia, twasema kweli, lilikuwa la darasani. Seminarini tulifundishwa neno la Kigiriki walilolitumia Mababa wa Mtaguso wa Nikea mwaka 325, tukaliandika katika mtihani, tukapata alama nzuri, kisha tukalifunga pamoja na daftari. Mzee alitusikiliza kwa adabu hata mwisho, akashukuru, akaenda zake. Hakuwa ameridhika, wala sisi hatukuwa tumeridhika.

Tangu siku ile tumekuwa tukimfikiri mtu ambaye swali hilo halikumjia mlangoni pa sakristia, bali lilimjia kwa mkono wa mjumbe wa Kaisari wa Roma. Naye hakuwa askofu wa nchi za mbali kwetu. Alikuwa askofu wa Afrika yetu hii ya mashariki, katika mji wa Aksum, Uhabeshi. Wako wasomaji wanaodhani ya kwamba imani ilifika pande hizi kwanza pamoja na Mapadre Weupe waliojenga Bukumbi mwaka 1883. Kwa pwani ya ziwa letu ni kweli. Kwa Afrika ya Mashariki nzima si kweli hata kidogo, kwani Aksum ilikuwa na askofu wake zaidi ya miaka 1500 kabla ya Bukumbi.

Habari za Frumentius tumeachiwa na Rufinus, mwandishi wa karne ya nne na ya tano, aliyezisikia kwa Aedesius mwenyewe. Frumentius na Aedesius walikuwa watoto wa Tiro, wakisafiri na jamaa yao Meropius, mtu wa elimu. Jahazi lilipotia nanga kutafuta maji na chakula katika pwani ya Bahari ya Shamu, wenyeji waliwaua wote waliokuwamo. Watoto wale wawili walikutwa chini ya mti wakijisomea, wakahurumiwa, wakapelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji wake. Frumentius, kwa kuwa alikuwa na akili nyingi, akawekwa juu ya hazina na barua za mfalme. Mfalme alipokufa aliwaachia uhuru, lakini malkia aliwasihi wabaki wamsaidie mpaka mwanawe atakapokuwa mtu mzima. Katika miaka hiyo Frumentius aliwatafuta wafanya biashara Wakristo waliofika katika nchi ile, akawapa mahali pa kukutania na kusali.

Mtoto wa mfalme alipokua, wale wawili waliaga. Aedesius alikwenda kwao Tiro akawa padre. Frumentius hakwenda Tiro. Alishuka mpaka Aleksandria, kwa Athanasius, aliyekuwa askofu wa mji huo tangu mwaka 328, akamweleza ya kwamba kule Aksum kuna Wakristo nao hawana mchungaji. Athanasius aliwakusanya mapadre wake, akasema ya kuwa hakuna wa kumtuma ila huyu aliyeleta habari. Akamweka wakfu kuwa askofu, akamrudisha alikotoka.

Ndipo ugomvi juu ya Utatu Mtakatifu ulipomfuata hata huko. Arius, padre wa Aleksandria, alikuwa akifundisha ya kwamba Mwana aliumbwa na Baba, ni wa kwanza na bora wa viumbe vyote, walakini ni kiumbe. Tusimfanye Arius mpumbavu. Alichotaka kukilinda ni kitu kitakatifu, yaani umoja wa Mungu na ukuu wake usiochanganyika na chochote. Mtaguso wa Nikea ulimkatalia, ukasema Mwana ni wa umungu ule ule mmoja. Baadaye wengine walitaka kuleta amani kwa kutia herufi moja ndogo, iota, katikati ya neno lile la Kigiriki, ili lisomeke "wa umungu unaofanana". Wenye dhihaka wamecheka tangu zamani ya kwamba dunia nzima iligombana kwa sababu ya herufi moja. Lakini nani kati yetu atakayesema ya kuwa "mume wangu" na "mtu anayefanana na mume wangu" ni maneno yaliyo karibu kuwa sawa?

Constantius, mwana wa Constantine, alipokuwa Kaisari alichoka na Nikea, akachoka zaidi na Athanasius. Mwezi wa Februari, mwaka 356, askari walivamia kanisa la Theonas mjini Aleksandria, watu wakiwa katika kesha la usiku. Athanasius akaponyoka, akafichwa na wamonaki jangwani. Mwaka uliofuata akaletwa George wa Kapadokia, chini ya ulinzi wa askari, kukalia kiti chake. Ni karibu na wakati huo Kaisari alipowaandikia barua wafalme wa Aksum, Ezana na ndugu yake Saizana. Barua hiyo tunayo mpaka leo, kwa sababu Athanasius mwenyewe aliitia katika maandiko ya kujitetea aliyomwandikia Kaisari.

Barua ile yastahili kusomwa polepole, kwani imeandikwa na mtu ajuaye kuandika. Haina matusi kwa wafalme, inawaita ndugu. Inasema ya kuwa Kaisari anawatakia mema yale yale anayowatakia Warumi, na kwamba fundisho moja lapasa kushikwa katika makanisa ya pande zote mbili. Nani atakataa maneno hayo? Kisha inaomba Frumentius apelekwe upesi Misri, kwa George na maaskofu wenzake, achunguzwe imani yake. Inakumbusha ya kuwa aliwekwa na Athanasius, mtu mwenye makosa elfu, anayetangatanga bila makao. Halafu inatoa kipimo: akija bila kukawia, itajulikana ya kuwa hatofautiani na Kanisa, akichelewa au akikataa, itakuwa wazi ya kuwa ameharibiwa na Athanasius.

Hapo tulisimama kwa muda mrefu. Tazameni vizuri, wasomaji wapenzi, ni nini kinachopimwa. Frumentius haulizwi anaamini nini juu ya Mwana wa Mungu. Aulizwa ni nani aliyemwekea mikono, na anasimama upande gani, na atakwenda kwa mwendo gani. Haraka ya miguu imefanywa kuwa ushahidi wa imani! Kosa hili halikufa pamoja na Constantius. Sisi wenyewe tumekwisha kaa katika vikao ambamo karatasi ilizungushwa, na aliyeomba kuisoma kwanza kabla ya kutia sahihi akaonekana kuwa ndiye adui wa umoja.

Wapo watakaotujibu ya kuwa mapadre hawana haki ya kumlaumu Constantius, maana baba yake Constantine naye alimfukuza Arius kwa amri ya serikali baada ya Nikea, na Wakatoliki hawakulia. Jibu hilo ni la haki, nasi hatulikwepi. Huwezi kuulaani upanga ukiwa juu ya shingo yako na kuubariki ukiwa juu ya shingo ya mwenzako. Constantine huyo huyo, baada ya miaka kumi tu, alimfukuza na Athanasius mpaka Trier. Athanasius naye hakuwa mtu mpole. Adui zake walimshtaki kwa ukatili, na kikao cha maaskofu huko Tiro, mwaka 335, kilimvua cheo. Mashtaka mengine yalikuwa ya uongo mtupu, lakini hatutaapa ya kwamba katika ugomvi wa miaka mingi hivyo mkono wake haukupata kuwa mzito. Ukweli wa neno la Nikea hautegemei upole wa aliyelitetea, wala hautegemei askari wa aliyelitangaza. Na kama hautegemei askari walipokuwa upande wetu, basi haupotei wanapokuwa upande wa pili.

Twamkumbuka na mzee mwingine wa siku hizo, Hosius, askofu wa Cordoba. Alikuwa mmoja wa wakuu wa Mtaguso wa Nikea. Kaisari alimzuia Sirmium mwaka mzima, naye, kama Athanasius aandikavyo, alikuwa na umri upatao miaka mia. Mwaka 357 aliridhia kutia sahihi maandiko waliyomletea. Athanasius, aliyekuwa mkali kwa wengi, hapa alikuwa na huruma: aeleza mateso ya mzee yule, na kwamba hata hivyo hakukubali kutia sahihi ya kumhukumu yeye Athanasius. Tukimsifu Frumentius tusimkanyage Hosius. Kuna maneno ambayo mwili wa miaka mia hauwezi tena kuyabeba peke yake.

Basi Frumentius alipaswa kufanya nini? Utii ni fadhila, na askofu asiyejua kutii hafai kuamuru. Lakini utii una anwani yake. Mfalme wa Aksum angeweza kumtaka Frumentius alipe kodi, atunze amani, aeleze matumizi ya hazina kama alivyokuwa akieleza zamani, naye angetii kwa furaha. Kaisari wa Roma hakuwa hata mfalme wake. Na George aliyetumwa kwake hakuwa na kitu cha kumpimia imani isipokuwa kiti alichokikalia kwa mikuki, ilhali mwenye kiti alikuwa hai jangwani. Kwenda kwake kungekuwa ni kukiri, kabla hata ya kufungua kinywa, ya kwamba imani ni mali ya yule aliye na askari wengi zaidi. Hivyo kukataa hapa si ukaidi. Mwenye amana hukataa kumpa mwingine kitu ambacho mwenyewe hakuagiza kitolewe.

Na Aksum haikuhamia kwa George. George aliuawa na watu wa Aleksandria mwezi wa Desemba, mwaka 361, mauaji mabaya ambayo hakuna Mkristo awezaye kuyafurahia. Constantius alikuwa ametangulia kufa mwezi wa Novemba. Athanasius alirudi katika kiti chake, akafukuzwa tena, akarudi tena, akafa kitandani pake mwaka 373. Fedha za Ezana, zilizokuwa na alama ya mwezi na jua, zilikuja kuchapwa msalaba. Mwaka 1969 lilipatikana huko Aksum jiwe la Ezana lenye maandishi ya Kigiriki, linaloanza kwa kuwataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Waabeshi wanamheshimu Frumentius kwa jina la Abba Salama, yaani Baba wa Amani; nao kwa karne nyingi waliendelea kupokea askofu wao mkuu kutoka kiti kile cha Athanasius, mpaka walipopata Patriarka wao wenyewe mwaka 1959.

Hayo ni ya Aksum. Bado tulikuwa na deni la Kirumba.

Tulipomwona tena yule mzee, alikuwa amekaa kivulini karibu na mwalo, wavu umetandazwa magotini. Safari hii hatukuanza na Kigiriki. Tulimwuliza juu ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na kufika Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800, wengine wakazikwa Igoma. Alinyamaza kidogo, akasema katika nyumba yao walifiwa na mtu. Tukamwuliza ni akina nani anaowakumbuka katika msiba ule. Akasema salamu za wakubwa zilikuja, nazo zilikuwa njema, ila hakumbuki ziliandikwa nini. Anamkumbuka ndugu mmoja tu aliyefika usiku, akavua viatu, akakaa mkekani bila kusema neno mpaka kulipopambazuka.

Tukamwambia: Arius asema ya kwamba Mungu alituletea salamu. Salamu nzuri sana, kwa mkono wa mjumbe aliye bora kuliko wajumbe wote. Lakini mwenyewe hakutoka nyumbani, maana haimpasi kugusa mavumbi yetu. Nikea yasema alikuja.

Mzee alivuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno. Hakusema kama ameridhika. Badala yake aliuliza kama yule askofu tuliyemsimulia, aliyetekwa akiwa mtoto, alipata kurudi kwao Tiro. Tukamjibu ya kuwa nduguye ndiye aliyerudi. Yeye alikwenda tena Aksum.

"Kule kule walikowaua wenzake?"

Kule kule, tukamwambia.

"Hee," akasema, akautazama wavu wake kwa muda, kisha akatuomba tumshikie ncha ya pili aangalie kama kuna tundu jingine.