Mtoto wa Kiota cha Jirani

 Mwezi huu hapa Nakivale nimeombwa niandike juu ya malezi. Nitaanza na ndege, mnisamehe, kwa sababu ndege huyo alinitia aibu mbele ya wazee, na aibu ile ilinifundisha kuliko mahubiri niliyokuwa nimeyaandaa.

Ndege mwenyewe mnamfahamu. Ni yule mdogo mwekundu anayeruka-ruka uani akina mama wanapopepeta. Wengine humwita mshigi. Urefu wake ni sentimita 10 hivi, na uzito ni gramu 8 au 9, yaani hata mzani wa muuza chumvi hauwezi kumpima. Dume ni mwekundu kichwani na kifuani, jike ana rangi ya udongo na wekundu kidogo karibu na mdomo. Hutembea wawili wawili. Mmoja akipotea nyuma ya jiko mwenzake anamwita mpaka ajibu. Wanaokota mbegu ndogo za majani na chenga zilizodondoka, na mchwa wakitoka wanawala pia. Hawatuogopi sana. Kiota chao ni mviringo wa nyasi kavu, wakikificha kwenye paa la majani, kwenye tundu la ukuta wa matofali ya udongo au katika ua wa miiba, na ndani wanatandika manyoya ya kuku. Nimemwona dume akishika unyoya mdomoni na kurukaruka mbele ya jike kama kijana anayeleta mahari ya kwanza. Katika Mathayo 10 Bwana anataja bei ya ndege wadogo sokoni. Kwetu hapa hawauzwi, watoto wanawapiga manati bure, jambo ambalo wazazi mngelikemea.

Jike hutaga mayai meupe, matatu hadi sita, na wote wawili wanaatamia kwa zamu kwa siku 11 au 12. Hapo ndipo jambo linapoanza. Yuko ndege mwingine, jamaa ya fumbwe, ambaye dume wake ni mweusi wa kung'aa kama wino wa buluu, na jike wake ana mistari ya kahawia kama shorewanda. Hao hawajengi kiota cha kulelea. Jike mweusi huyo, nasema mweusi kwa ajili ya mumewe, anavizia kiota cha mshigi na kutaga humo. Yai lake nalo ni jeupe. Kifaranga akitoka, ndani ya mdomo wake mna madoa yanayofanana sana na ya vifaranga wa mshigi, hata wazazi wakileta chakula wanaona midomo ya namna moja imefunguka. Hawatupi nje wenzake kama wafanyavyo ndege wengine wenye tabia hiyo. Wanakua pamoja, wakigawana kilicholetwa, na huenda kila mmoja anapata pungufu kuliko vile angepata kama mgeni hayupo.

Nilimtambua mwaka 2023, nilipomsikia juu ya mti mkavu nyuma ya choo chetu. Sauti ilikuwa ya ndege mwekundu, lakini aliyekuwa akiimba alikuwa mweusi. Nilifikiri wako wawili. Baadaye rafiki mmoja niliyesoma naye chuo cha Biblia, ambaye anapenda mambo haya, akanieleza: dume mweusi hujifunza wimbo kwa waliomlea. Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake walijaribu jambo hilo na kuandika matokeo yao mwaka 1998 na 2000. Waliwaweka ndege weusi walelewe na ndege wadogo wa kufugwa wenye asili ya Asia, ambao kule porini hawakutani kabisa. Walipokua, madume waliimba wimbo wa walezi wale wa Asia.

Sasa nije kwenye kikao. Mwezi wa tisa mwaka 2024 wazee wa kanisa waliitwa kusikiliza shauri la kijana mmoja. Mama yake alifariki mwaka 2013, siku chache baada ya kuvuka mpaka, na mtoto akiwa hajamaliza kuota meno alichukuliwa na mama mmoja waliyekutana naye kwenye foleni ya kuandikishwa. Mtoto ni wa ukoo wa Kifuliiru, mama mlezi ni Mbembe. Miaka kumi na zaidi imepita. Ndipo baba mdogo wa mtoto, aliyekuwa makazi ya Kyaka II muda wote huo bila kujua kuwa yuko hai, akapata habari na kupanda gari.

Alikuja na machozi ya furaha, akaondoka uwanjani na hasira. Alituambia: “Mtoto wa kaka yangu amenisalimu kwa Kibembe. Mmenipa mwili, moyo wake mmebaki nao.” Mama mlezi alikaa kimya, mikono mapajani. Kijana mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, na sisi watu wazima, kwa desturi yetu mbaya, tukaongea kana kwamba hasikii.

Mimi nikaona nafasi ya kutuliza mambo. Nikasimulia habari za mshigi na yule mweusi, jinsi ndege mdogo anavyolisha mtoto asiye wake bila kubagua, nikasema tazameni upendo. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nilijiona nimesema vema.

Mama akanyanyua uso. “Mchungaji, kumbe mimi ni ndege aliyedanganywa?”

Nikataka kujibu, akanizuia kwa mkono. “Yule ndege hajui kuwa yai si lake. Mimi nilijua tangu usiku wa kwanza. Nilijua ukoo wake, nilijua jina la mama yake, nilijua nina wanne wangu na sufuria moja. Na mgao ulipopunguzwa nilijua tena.”

Wapendwa, sikuwa na la kusema. Nimefikiri swali lile miezi mingi. Je, wema anaoufanya asiyejua ni wema? Kwa upande wa tumbo la kifaranga hakuna tofauti. Mbegu ni mbegu, iwe imeletwa na aliyedanganywa au na aliyekubali. Lakini mtoto wa mtu siyo tumbo tu. Ipo siku anauliza, “Walinilisha kwa sababu gani?” Kama jibu ni kwamba walimdhania wa kwao, basi siku wakigundua ana haki ya kuogopa. Kama jibu ni kwamba walijua, hana cha kuogopa tena. Mshigi hana uwezo wa kukataa, ndiyo maana sithubutu tena kumsifu kwa upendo. Ninamfurahia tu. Binti Farao katika Kutoka 2 alipofungua kile kisafina alitambua papo hapo kuwa ni mtoto wa Waebrania. Nilikuwa nimesoma mlango huo mara nyingi na kupita hapo haraka, mpaka mama huyu aliponisimamisha.

Na tuseme neno moja gumu. Wako watu, hata nje ya makazi haya, wanaotuona sisi wakimbizi kama yule jike mweusi, anayetaga katika nyumba ya mwingine na kwenda zake. Nilipokuwa nikisimulia sikufikiri kwamba kisa changu kinawapa fimbo. Mzee mmoja alinikumbusha baada ya kikao, tena kwa ukali. Alikuwa na haki.

Jioni nilimsindikiza baba mdogo mahali alipofikia. Njiani akaniuliza jambo ambalo hakuna mzee aliyelifikiria: “Yule dume mweusi, kama anaimba wimbo wa wengine, mke anampataje?” Nikamwambia nilivyoelezwa. Jike mweusi naye alilelewa na mshigi, anaujua wimbo ule tangu kiotani. Akitafuta mume anamfuata anayeimba wimbo wa walezi wake. Wale majike waliolelewa na ndege wa Asia walivutwa na madume walioimba wimbo wa Asia. Wimbo ule wa kuazima ndio unaowakutanisha. Zaidi ya hayo, dume anao pia mlio wa kwao, wa kukwaruza, ambao hakufundishwa na mshigi, naye anaimba yote mawili.

Alinyamaza mpaka tulipopita kisima. Kisha akacheka peke yake. Watoto wake watatu, waliozaliwa Kyaka, humsalimu kwa Kiswahili, na wakigombana wanagombana kwa Kitoro. Kifuliiru wanakisikia yeye na mkewe wanapozungumza habari za pesa.

Alikaa siku kumi. Siku ya tatu alimwita mama mlezi “shemeji”, na mama akaitika. Walikubaliana kijana amalize darasa la saba hapa, na likizo aende Kyaka. Yeye mwenyewe aliulizwa, safari hii akiwa ameketi ndani pamoja nasi, akasema anataka kujua kaburi la mama yake liko wapi. Mama mlezi ndiye pekee aliyelijua. Nauli ya kufika mpakani ilichangwa kanisani, na wote watatu walikwenda pamoja. Sikuwa nao, hivyo ya huko siyaandiki.

Jozi ya mshigi imejenga tena nyumbani kwangu, nyuma ya ubao wa dirisha la jiko. Mke wangu amewakataza watoto wasitie mkono. Nilichungulia mara moja kwa tochi: mayai matano, yote meupe, moja ni kubwa kidogo kuliko mengine.