Mji wa kale si wa wenye magoti mazima peke yao

"Mji wa kale hautembelewi kwa gari." Maneno hayo aliyatoa msafiri mmoja langoni mwa Harat al-Aqr, mtaa mkongwe wa Nizwa nchini Oman. Alikuwa akimwambia mwenzake, lakini macho yake yalikuwa kwa shangazi yangu, ambaye wakati huo alishikwa mkono apande kigari cha umeme, vile vigari vya wazi visivyo na milango vinavyowazungusha wageni mtaani kwa dakika chache pamoja na mtu wa kuwaeleza.

Msafiri alisema kwa Kiingereza, bila kudhani kwamba bibi kizee mwenye buibui atakielewa. Anakielewa vizuri. Shangazi alinyamaza, akaulaza mkongojo wake mapajani, akamwambia kijana aliyeshika usukani, "Bismillahi, twende baba." Yeye maneno yale aliyaacha pale pale langoni. Mimi nimelala nayo na kuamka nayo wiki nzima, na leo nayaandika kwa sababu naamini hayakuwa ya haki, na wanaofikiri kama msafiri yule ni wengi, wakiwemo watu wetu wenyewe.

Hoja yao tunaijua. Wanasema historia inataka jasho. Anayetaka kuujua mji ashuke, atembee, apotee vichochoroni, aguse ukuta kwa kiganja chake. Anayekaa kitini akazungushwa amejinunulia picha tu. Ni hoja inayosikika vizuri, na mara nyingi anayeitoa ni kijana au mtu mwenye afya tele. Sijapata kuisikia kutoka kwa mtu mwenye mkongojo.

Shangazi alizaliwa Unguja. Aliondoka msichana baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na katika miaka ya 1970 akafika Oman, wakati Sultan Qaboos, aliyeshika nchi mwaka 1970, alipowataka Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga. Wengi waliotoka pwani yetu walitua Maskati, na mpaka leo ukipita baadhi ya mitaa ya huko utasikia Kiswahili cha Unguja kikizungumzwa barazani kana kwamba hakuna bahari katikati. Shangazi yeye alipelekwa kwanza kwa jamaa za babu yake Nizwa, bara, nyuma ya milima, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Maskati siku hizi. Akawekwa ndani ya nyumba ya udongo katika mtaa huo huo wa al-Aqr. Kwa hiyo msafiri yule alikuwa akimfundisha adabu ya kuutembelea mji mtu aliyewahi kufagia vizingiti vyake.

Na Nizwa si mji wa kupita tu. Tangu karne ya 8 maimamu wa madhehebu ya Kiibadhi waliufanya makao yao, na elimu ya dini ikakaa hapo kwa vizazi. Ngome yake yenye mnara mkubwa wa mviringo ilijengwa katika karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Mtu wa Mombasa au Unguja akisimama chini ya mnara wa Nizwa, anasimama mahali palipotoka sehemu ya habari zake mwenyewe, tamu na chungu.

Kigari kilikwenda taratibu, mwendo wa mtu asiye na haraka. Kijana alituonyesha kuta za matofali ya udongo uliokandwa kwa majani makavu, akatueleza kwamba dari zimeshikwa na magogo ya mitende, ndiyo maana vyumba ni vyembamba: gogo likiishia, na chumba kinaishia. Shangazi akamwambia kwamba kwetu ni hivyo hivyo, ila sisi tulitumia boriti za mikoko, na kwamba mikoko ya Rufiji na ya Lamu ilipakiwa majahazini ikaja kuezeka majumba ya Ghuba. Kijana hakuwa akilijua hilo. Alisimamisha kigari ili asikilize. Tukapita Msikiti wa Shawadhna, ambao mihrabu yake iliyonakshiwa ni ya karne ya 16, na shangazi akaomba tukae kidogo. Tukakaa. Hakuna aliyetuhimiza.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kigari hakijamnyima shangazi kitu. Kilikuwa kimempa kitu ambacho miguu yake isingeweza kumpa tena.

Mitaa ya namna hii Oman iliachwa kwa sababu zinazoeleweka. Baada ya 1970 zilikuja barabara, umeme, maji ya bomba, shule na hospitali. Watu wakajenga nyumba za saruji pembeni, penye nafasi ya kuegesha gari na kufunga kiyoyozi. Nyumba ya udongo haitaki kuachwa peke yake. Ikikosa mtu wa kuipaka upya, mvua chache za mlimani zinaiyeyusha, dari ikianguka kuta hazichukui muda. Ukitembea Oman ya bara utaiona mitaa mizima iliyolala chini, mifupa ya mitende ikiwa juani. Al-Aqr umenusurika. Wenyeji wenyewe wameingiza mikono na fedha, nyumba zimekarabatiwa, nyingine zikawa nyumba za wageni na migahawa, na sehemu ya ukuta mkongwe wa mtaa sasa unaweza kutembea juu yake. Wapo wanaolalamika kwamba mtaa umekuwa wa wageni. Mimi nasema nyumba yenye mgeni na taa ni bora mara mia kuliko nyumba yenye popo.

Tulipofika penye mfereji wa maji, kijana alianza somo la falaji, na alilijua. Mafalaji ni mifereji inayoyatoa maji chini ya ardhi au mabondeni na kuyaleta mjini kwa mteremko tu, bila pampu. Oman yapo kama 3,000 yanayofanya kazi hadi leo, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza matano katika Urithi wa Dunia, mojawapo likiwa Falaji Daris la hapo hapo Nizwa. Maji yanagawanywa kwa zamu, na kipimo kinaitwa athar, ambacho ni kama nusu saa. Zamani zamu za mchana zilipimwa kwa kivuli cha kijiti juani, za usiku kwa nyota. Wakili wa falaji ndiye mwenye daftari na ndiye mwamuzi. Maji yanapoingia mjini, kwanza ni ya kunywa, kisha ya msikiti na ya kuogea, halafu ndipo yanapokwenda kwenye mitende.

Kijana alimaliza. Shangazi akaanza. Akaeleza mahali wanawake walipofulia na saa waliyokuwa wakienda. Akasema kwamba mtoto aliyetia mguu sehemu ya maji ya kunywa alikuwa anatiwa adabu na mama yeyote aliyekuwa karibu, asiulizwe ni mtoto wa nani. Akasema kwamba yeye, mgeni wa Unguja asiyejua Kiarabu cha bara, alipata marafiki zake wa kwanza hapo penye maji, na walioanza kumpokea ni wanawake wenye kazi nyingi kuliko wote. Kijana alikuwa amekizima kigari, amegeuka nyuma, anasikiliza kama mwanafunzi. Maelezo aliyokuwa nayo ni ya kitabuni na ya babu zake wanaume. Ya upande wa wanawake alipewa siku ile, bure, na bibi aliyefika kwa magurudumu manne.

Kisha shangazi akauliza swali ambalo halimo katika ziara. "Na watumwa, baba, walikaa wapi?"

Kijana alinyamaza, na simlaumu. Ni swali zito, na wengi wetu, huku na huko, tumelizoea kulipita kwa pembeni. Lakini ukweli wake uko wazi. Katika karne ya 19 watu waliotekwa bara la Afrika Mashariki walipitishwa pwani yetu, wakavushwa bahari, wakafanya kazi Oman katika mashamba ya mitende, katika upigaji mbizi wa lulu, na majumbani. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Oman ukafutwa mwaka 1970. Hiyo 1970 si zamani. Watu waliokuwa watu wazima mwaka ule bado tunao.

Kijana akajibu kwa uungwana: "Bibi, hilo sikufundishwa vizuri. Nitamuuliza babu yangu kabla hajaondoka." Shangazi akamwambia, "Muulize leo." Akaongeza kwamba kuta zile hazikupandishwa na maimamu kwa mikono yao, na kwamba aliyebeba udongo naye anastahili kutajwa, hata kama jina lake halikuandikwa.

Sasa nirudi kwa msafiri wa langoni. Niambie, bwana, wewe uliyetembea kwa miguu mtaa mzima na chupa yako ya maji: ulijua wanawake walifulia wapi? Uliuliza watumwa walikaa wapi? Ulipita vichochoro vingi kuliko sisi, na nina hakika umepiga picha nzuri. Lakini jasho halijawahi kumfunulia mtu kitu ambacho hakukiuliza. Kinachoufungua mji wa kale ni mtu mwenye kumbukumbu akikutana na mtu mwenye nia ya kusikia, na wenye kumbukumbu, kwa desturi ya Mungu, ndio wenye magoti mabovu. Ukiweka sharti kwamba mji utembelewe kwa miguu tu, umewafungia nje wazee, wajawazito, wagonjwa na walemavu, ukawaachia uwanja wale ambao wana nguvu nyingi na kumbukumbu chache.

Utaniambia kwamba magari yakizidi yataharibu mji. Hapo nakubaliana nawe. Udongo ni udongo. Vigari visiingie vichochoro ambavyo bega la mtu linagusa kuta zote mbili, visiwe vingi, visipige kelele wakati wa sala, na visigeuzwe mchezo wa vijana wanaoweza kutembea. Utaniambia pia kwamba ziara fupi ni ya juu juu. Ikiwa anayeeleza amekariri na abiria amechoka kusikiliza, ndiyo. Lakini hata ya saa tano kwa miguu itakuwa ya juu juu kwa mtindo huo. Ufupi si udhuru wa kuacha mambo mazito. Swali la shangazi halikuchukua hata dakika moja, na ndilo lililobaki vichwani mwetu njia nzima ya kurudi Maskati.

Nayasema haya nikiitazama pia pwani yetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Tunajivunia vibao hivyo. Lakini ni wazee wangapi wa Ng'ambo, wa Pemba, wa Pate, waliowahi kupangiwa ziara ya kuutazama mji ambao wao au wazazi wao walikuwa wakazi, wahudumu au mafundi wake? Ziara zetu zimepangwa kwa ajili ya mgeni mwenye miguu na fedha za kigeni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Mji Mkongwe, iliporomoka mchana kweupe, tukalia, na tulikuwa na haki ya kulia. Jengo lakini linaweza kujengwa tena. Mzee akiondoka bila kuulizwa, hakuna fundi wa kumrudisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kigari cha pole pole, kinachoendeshwa na mtoto wa mtaa huo huo, kinachosimama mzee akisema simama, ni chombo cha heshima, na kila mji wa kale ulio na njia inayopitika uwe nacho. Na wanaoendesha ziara wafanye jambo moja zaidi: mzee mwenyeji asilipe, apandishwe kiti cha mbele, na aachwe azungumze.

Nawe msomaji, usingoje serikali wala UNESCO. Kama una mzazi, shangazi, babu au jirani aliyewahi kuishi katika mtaa wa kale, iwe ni Nizwa, Malindi ya Unguja, Mkomani ya Lamu au Bagamoyo, mchukue mwezi huu kabla mwezi haujaisha. Mkodie kigari, bajaji, hata punda kama ndiye anayepatikana. Mwache aoneshe kwa mkongojo wake, muulize hata yale anayoyaogopa kuyataja, na yaandike.