Kusitiri na Kuficha

Nyumba ya shangazi yangu iko Ngamiani, Tanga, na haina hata ukuta mmoja ulionyooka. Waliojenga walipima kwa jicho. Ukiegemeza timazi sebuleni utaona ukuta umetokeza kitumbo katikati na kurudi nyuma juu, na kona zake hazijui pembe mraba. Kuusawazisha kwa lipu kungemaliza mifuko ya saruji, basi watoto wakachanga pesa, ukavishwa mbao za jipsamu.

Fundi wa kwanza alimaliza kwa siku tatu. Nyumba iling'aa. Masika yalipoingia, doa la rangi ya chai likaanza kupanda kutoka sakafuni, kwenye kona ya upande wa jikoni. Ukiligusa, ubao unabonyea kama mkate uliolowa.

Jipsamu ni jasi, madini yanayochimbwa hata hapa kwetu, Kilwa na Makanya. Husagwa, huchomwa, hukorogwa na maji, kisha hugandishwa katikati ya karatasi mbili. Ndani yake mna maji yaliyofungwa, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, ndiyo maana moto hukawia kuupenya ubao: joto lina kazi ya kuyafukuza maji yale kwanza. Lakini kitu hiki kilichobeba maji tumboni hakivumilii unyevu mgongoni.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima. Alimwamkia shangazi, akaweka kiganja ukutani kama anayempima mtoto homa, akakiacha pale kitambo. Kisha akasema, "Mama, ukuta huu unakunywa maji. Nikiufunika tena, nitakuwa nimekuuzia rangi tu."

Alibandua mbao siku mbili. Nje, udongo ulikuwa umejaa hadi kupita usawa wa sakafu, na maji ya paa yalikuwa yakimwagikia papo hapo. Akauondoa, akachimba mfereji, akatuambia tungoje ukuta ukauke. Ulichukua wiki tatu.

Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Sisi tunalelewa kusitiri: aibu ya jirani, umaskini wa nyumba, udhaifu wa mzazi. Nami naamini sitara ni wema. Ukuta mkongwe wenye kitumbo hauna kosa. Umebeba paa miaka yote hiyo, unastahili kuvishwa. Ukuta unaooza ni jambo jingine. Huo ukiufunika umeuficha, na aliyefichwa ugonjwa hatibiwi. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi tunajenga ukuta mbele ya ufa, tunaupaka rangi, tunapiga picha. Tunafanya hivyo kwenye ndoa na kwenye vikao vya ukoo pia.

Fundi huyo aliporudi alianza na uzi, akaukaza kona hadi kona akitafuta pale ukuta ulipotokeza zaidi, maana fremu yote ya chuma hupimwa kuanzia hapo. Hakuulazimisha ukuta unyooke. Aliweka vipande vya kujazia nyuma ya chuma palipobonyea. Ubao wa kona aliukata kwa kuufuata mshazari wa kona yenyewe. Skrubu alizizamisha kidogo tu, kichwa kisichane karatasi. Kwenye maungio alibandika tepu, akapaka mikono mitatu, kila mmoja mpana kuliko uliotangulia, na kati ya mkono na mkono akasubiri ukauke.

Jioni alizima taa ya dari, akaegemeza tochi ukutani ili mwanga upite ubavuni. Mchana kila ukuta ni mzuri. Kwa mwanga ule wa ubavu, kila kijibonde kilitoa kivuli, naye akavifuata kimoja kimoja kwa msasa, peke yake. Sisi tulikwisha kuridhika tangu adhuhuri.

Shangazi alimlipa hata zile siku mbili za kubandua na ile ya mfereji, kazi ambazo mgeni akiingia sebuleni leo hazioni.