Mtaji na Miaka

Wachezaji wa bao wana neno mtaji, na kwao halihusiani na fedha. Mchezaji aliyepata njia ya kula kete za mwenzake ana mtaji. Aliyekosa hutakata, yaani huzungusha kete zake mwenyewe bila kula chochote, akingoja ubao ubadilike. Kete anazo, tena huenda anazo nyingi, lakini mtaji hana. Kwa hiyo katika bao mtaji ni nafasi: jinsi kete zilivyokaa, zamu iliyofika, na jicho la kuiona. Nimekuwa nikiligeuzageuza neno hili tangu kijana wa jirani yetu, niliyemwona akikua, aliporudi nyumbani mwishoni mwa mwaka na kutuambia kwamba kampuni yake imefungwa.

Ilikuwa moja ya kampuni changa za teknolojia: programu ya simu ya kuwaunganisha wenye maduka ya mtaani na wauzaji wa jumla, fedha za wawekezaji wa ng'ambo, vijana wachache katika ofisi yenye kiyoyozi. Iliishi miaka minne. Alisema wawekezaji hawakumkasirikia. Walimwandikia kwa upole, wakamsifu kwa kufunga bila ujanja, wakamwambia akipata wazo jingine awatafute. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hao waliotoa pesa wamekubali kwamba zimekwenda. Na wewe, miaka yako unamdai nani?"

Swali lile halikuwa la lawama. Nadhani lilikuwa la hesabu, na ndiyo maana limekataa kuniondoka.

Tujiulize kwanza, huyu anayetoa fedha zake kwa wazo ambalo bado halijauza hata bidhaa moja, ananunua nini? Hisa, tutajibu. Lakini hisa za kitu ambacho hakijakuwepo ni hisa za tarajio. Mwaka 1957 shirika la uwekezaji lililoongozwa na Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa aliyefundisha chuo kikuu cha Harvard, liliwapa wahandisi wawili dola 70,000 waanzishe Digital Equipment Corporation, kampuni ya kompyuta. Baada ya miaka kumi na kitu, hisa zile zilikuwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Uwekezaji wa namna hii umeishi katika kivuli cha kisa kile mpaka leo. Kampuni moja ikifanikiwa kupita kiasi, hulipa hasara ya wenzake wote waliomo kapuni. Mwekezaji basi hahitaji kujua ni ipi itakayofanikiwa. Anachohitaji ni kapu lenye nyingi za kutosha, na subira.

Hapo ndipo neno hatari linapogawanyika. Kwa mwenye kapu, hatari ni uwiano: katika kumi, ngapi zitakufa? Kwa mwenye kampuni, uwiano hauna maana yoyote, kwa sababu hana maisha kumi. Mwekezaji anacheza mbao nyingi kwa wakati mmoja, na akifungwa katika tisa huenda bado akaenda kulala akiwa tajiri. Kijana wa jirani yetu alikuwa na ubao mmoja. Wote wawili walisaini karatasi moja, na katika mazungumzo yao yote walilitumia neno lile lile, kila mmoja akimaanisha jambo lake.

Je, hiyo si dhuluma? Nisikimbilie kusema ndiyo. Watu wa pwani wamelijua jambo hili kwa jina la mudharaba muda mrefu kabla ya kompyuta: mmoja analeta mali, mwingine analeta kazi, faida wanagawana kama walivyopatana, na hasara ikitokea bila uzembe wala hiana, mwenye mali anapoteza mali yake, mwenye kazi anapoteza jasho lake. Bibi Khadija alimpa Mtume mali yake akaifanyie biashara Sham kabla ya utume, na wanazuoni husimulia safari ile kama mfano wa uaminifu. Mantiki yake ni nzuri: kila mmoja apoteze alichokileta. Asiye na baba tajiri anapata kuthubutu, na akianguka hafungwi kwa deni. Hili si jambo dogo. Anayekopa kwa kuweka rehani nyumba ya familia, akianguka, anaanguka na ukoo mzima.

Hata hivyo mama aliona kitu ambacho mantiki hiyo inakipita. Mali iliyopotea inaweza kurudishwa na mali nyingine. Shilingi haina umri. Mwaka una umri. Aliyeutoa akiwa na miaka ishirini na saba hawezi kuujazia na wa hamsini.

Mtu atanijibu kwamba miaka hiyo haikupotea, maana kijana amejifunza. Ni kweli, na ningeongeza kwamba kuna walioajiriwa ambao miaka minne yao imepita bila kujifunza lolote. Lakini nalitilia shaka jibu hili kwa sababu ya wepesi wake. Anayelitoa kwa haraka zaidi huwa ni yule ambaye hakulipa ada. Na lugha yetu hairuhusu kuligeuza anguko kuwa somo kirahisi hivyo. Tunasema mtu ameshindwa, na kushindwa ni kutendwa. Ukisikia neno hilo unauliza, ameshindwa na nini? Na soko? Na bei ya mafuta? Na wenye fedha waliotaka ukuaji wa haraka kuliko miguu ya biashara yenyewe? Kisha kuna ile maana nyingine ya kushinda, tunayoitumia kila jioni tunapoulizana umeshindaje: kuimaliza siku. Mtu alishinda dukani, alishinda shambani. Wazee waliotuachia neno hili hawakudai faida yoyote hapo zaidi ya kwamba jua limezama na mtu yupo. Kwa kipimo hicho kijana wetu alishinda siku zaidi ya elfu moja, ingawa hakuna mwekezaji mwenye safu ya kuziandika.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba waliomo mchezoni ni wawili. Kuna wa tatu, na ndiye anayenisumbua zaidi. Katika karne ya 19 misafara ya bara iligharimiwa na matajiri wa Unguja. Taria Topan alimpa Hamed bin Muhammed, tunayemwita Tippu Tip, bidhaa kwa mkopo, na safari ya tatu ya bwana huyo ilichukua takriban miaka kumi na miwili. Mwenye mali alivumilia, mwenye safari alithubutu, hesabu zao zikafungwa. Mikataba ilikuwa Unguja. Gharama ziliangukia huko bara, Manyema, kwa watu waliochukuliwa pembe zao za ndovu na wao wenyewe kufanywa watumwa. Siwafananishi vijana wenye kompyuta na wafanya biashara ya utumwa, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba ushujaa wa watu wawili walioaminiana hautuambii lolote kuhusu yule ambaye hakuulizwa.

Wa tatu wa siku hizi ni mwenye duka. Copia, iliyowauzia watu wa vijijini Kenya kupitia mawakala wenye maduka madogo, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Wawekezaji walikuwa na makapu yao. Wakala aliyewaambia majirani "agizeni kwangu" alikuwa na jina lake tu.

Na bado ni huyo wa tatu anayekipa kitu maana, pale kinapopata maana. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Waliopewa waijaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Fedha ya kuianzisha haikutoka hata katika kapu la wawekezaji wa kuthubutu; ilitoka kwa kampuni kubwa ya simu na msaada wa serikali ya Uingereza. Nani basi alikuwa mjasiriamali hapo, kama neno lenyewe ni ujasiri pamoja na mali? Nawafikiria wale waliothubutu kuweka mshahara wa mume aliye mjini ndani ya simu ambayo jana yake ilikuwa ya kupigia tu.

Jioni moja kijana alikuja barazani kucheza na wazee. Mfukoni alikuwa na simu ndogo ya batani, laini ya kampuni, ambayo hajaizima. Ililia katikati ya mchezo. Alikuwa mama mwenye duka akiuliza unga wake utafika lini. "Shikamoo mama. Ile kampuni imefungwa, lakini nakupa namba ya muuza jumla mwingine, andika." Alimsomea polepole, mara mbili. Wazee walisubiri.

"Zamu yako," mmoja akamwambia. Aliutazama ubao, akaona hana mtaji, akatakata.