Siri ya Mwenzio si Mali Yako

Kompyuta ikichakaa, wengi wetu huiuza au humpa mhitaji, na tendo hilo ni jema. Lakini je, twaelewa ni nini tunachokitoa pamoja nayo? Kufuta faili hakuondoi maandishi yake. Huondoa tu jina lake katika orodha, nayo maandishi hukaa katika diski mpaka yaandikwe mengine juu yake. Mwaka 2003, huko Marekani, wataalamu Garfinkel na Shelat walieleza jinsi walivyonunua diski kuukuu 158. Katika 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa barabara.

Mwalimu hutunza habari za wanafunzi wake, mganga maradhi ya watu, mzazi barua za wanawe. Chombo ni chetu, bali siri hizo ni amana. Hatuna haki ya kuziuza pamoja na chuma. Amri ya Nane yatudai hata hilo.

Basi, diski ya sumaku na iandikwe upya yote, kwa programu ya kazi hiyo, kabla ya kutolewa. Iliyoharibika na ivunjwe. Sadaka yetu kwa maskini isilipiwe kwa aibu ya jirani.