Biblia si Ndagu

Yohana Mbatizaji alipohubiri kando ya Yordani, watu walimwuliza: sasa sisi tufanye nini? Luka, katika sura ya tatu, anaonyesha kuwa kila mmoja alijibiwa kulingana na kazi yake. Watoza ushuru waliambiwa wasitoze kupita kiwango kilichowekwa. Askari waliambiwa wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, na waridhike na mshahara wao. Hakuna aliyeamriwa kuacha kazi. Kila mmoja aliguswa pale anapopatia riziki yake. Kanuni hiyo yafaa isomwe upya Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, na katika machimbo yote ya wachimbaji wadogo kuanzia hapo hadi Geita. Kuhoji kama wachimbaji wanasali ni kupoteza muda, maana wanasali, tena kwa bidii. Linalostahili kuulizwa ni Neno wanalolisikia Jumapili linasema nini Jumatatu juu ya kamba, mfuko wa mawe, zebaki na mizani.

Kila anayeishi ukanda huu analijua neno ndagu. Ni masharti anayopewa mtu na mganga ili dhahabu imfuate: anatoa kitu, anaficha kitu, anatimiza sharti, kisha anangoja mwamba ufunguke. Mantiki yake ni kwamba mali iko mikononi mwa nguvu fulani inayoweza kuvutwa, na kwamba bei yake inaweza kulipwa na mtu mwingine. Tunajua mantiki hiyo ilikotufikisha. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007 yalihusishwa na imani za kutafuta utajiri, na Januari 2015 serikali ilitangaza marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli. Mkristo atasema hayo hayamhusu. Lakini mstari wa Biblia unapokaririwa juu ya duara, yaani shimo la kuchimbia, ili litoe dhahabu, mafuta yanapomiminwa mdomoni mwa shimo, fungu la kumi linapoahidiwa mapema kama rushwa kwa Mungu, mtu huyo amemwacha mganga ila hajauacha uganga.

Watakaopinga wana andiko lao: Kumbukumbu la Torati 8:18, kwamba Bwana ndiye ampaye mtu nguvu za kupata utajiri. Andiko ni la kweli, lakini lisomwe na majirani zake. Mstari wa 9 wa sura hiyo hiyo unataja nchi ambayo mawe yake ni chuma na vilima vyake huchimbwa shaba, kwa hiyo wachimbaji wamo katika maneno hayo tangu mwanzo. Kisha mistari ya 11 hadi 14 inaonya: fedha na dhahabu yako ikiongezeka, jihadhari moyo usije ukainuka ukamsahau Mungu. Sura nzima inazungumzia hatari ya kupata, wala haitoi mbinu ya kupata. Ayubu 28 inaenda mbali zaidi. Inawaeleza wachimbaji kwa usahihi unaoshangaza: wanapasua njia chini ya ardhi, wananing'inia mbali na watu, wanakomesha giza. Halafu inauliza hekima inapatikana wapi, na inakiri kwamba shimoni haimo. Mwisho wa sura unaiweka katika kumcha Mungu na kujitenga na uovu. Andiko lenye picha sahihi kiasi hicho ya duara halikuahidi hata pointi moja ya dhahabu. Limehoji tabia ya anayeichimba.

Tuanze na shimo lenyewe, maana Biblia inalo la kusema kuhusu shimo. Kutoka 21:33 na 34 inaamuru kwamba mtu akifukua shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Huku Usukumani hakuna haja ya kufafanua ng'ombe ni nini kwa mwenyewe. Na Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Yaliyotakiwa kwa dari yanatakiwa kwa duara: matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, yaliyopangwa kwa karibu, kamba isiyochakaa, mdomo uliozungushiwa uzio, na shimo lililoachwa lifukiwe. Mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima iliita muujiza, na mimi siupingi. Lakini Agosti 2025, Nyandolwa, katika Wilaya hii ya Shinyanga, watu 25 walifukiwa, na siku ziliposonga wengine walitolewa wakiwa maiti. Anayemshukuru Mungu kwa watano wa Nyangalata huku akiruhusu kijana ashuke penye matimba yaliyooza anamjaribu Mungu, jambo ambalo Yesu mwenyewe alilikataa juu ya kinara cha hekalu.

Baada ya shimo kuna mgawo. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Hapa mwenye duara atajibu kwamba hakuna ujira: vijana wanapewa chakula, kazi inasonga, na jiwe likitoka kila mtu ana fungu lake. Ni hoja ya haki, wala sina neno na mfumo wa mafungu. Ila katika mfumo huo dhuluma imehama kutoka siku ya kulipa kwenda kwenye hesabu. Gharama za chakula na mafuta ya winchi zinakatwa na nani, mbele ya nani? Mifuko iliyotolewa usiku iliandikwa wapi? Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, na daftari mbili ni mawe mawili. Hata mizani ya mnunuzi imo humo. Serikali ilianza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, na hilo limesaidia, lakini hakuna soko litakalomfuata mtu anayenunua gizani kwa mizani aliyoichezea.

Zebaki haisemwi sana makanisani. Mchenjuaji anakamua mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye kitambaa, linabaki donge la kijivu, analiweka juu ya mkaa, na mvuke usioonekana unaelekea alikokaa mama anayechekecha marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, mtoto mgongoni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeitaka dunia ipunguze sumu hiyo. Mkristo alikuwa na amri ya kumpenda jirani miaka mingi kabla ya mkataba, na jirani huyo amekaa upande upepo unakoelekea. Kuchomea mbali na watu, ndani ya kifaa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki, ni kuitii amri hiyo.

Nasikia pingamizi la mwisho: hizo ni sheria za Musa, sisi tuko chini ya neema. Basi tumtazame Zakayo katika Luka 19. Hakuna aliyemsomea sheria mezani. Neema ilipoingia nyumbani mwake, yeye mwenyewe alitamka kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Neema ilimfanya alipe zaidi. Ndiyo maana nawasihi wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa wa machimbo: duara linapotoa na mwenyewe akaja na bahasha nene, msiipokee kabla ya kuuliza kama waliokuwa shimoni wameshapata mgawo wao. Mathayo 5:23 na 24 inamwagiza mtu anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane naye. Kutoka kanisani hadi kwenye duara si mbali. Bahasha ingoje hapo mezani mpaka arudi.